Martin Luther King Jr. alizaliwa Michael

Unamjua Martin Luther King Jr., sivyo? Basi cheki: alipozaliwa Atlanta, Marekani, 1929, aliitwa Michael King Jr. Babake, mchungaji, naye alikuwa Michael. Mwaka 1934 mzee alizuru Ujerumani, nchi ya Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa, na aliporudi akachukua jina hilo. Sasa wewe Junior utafanyaje? Unabadilika naye tu! Cheti cha kuzaliwa kilirekebishwa 1957, jamaa ana miaka 28 na mgomo wa mabasi ya Montgomery ushampa umaarufu. Mwaka huohuo akapata mvulana wake wa kwanza: Martin Luther King wa Tatu. Junior aliuawa kwa risasi Memphis, Aprili 4, 1968. Mtoto alikuwa na miaka 10. Mzee, yule Senior, aliishi hadi 1984.