Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Aliiamini Qadar, na Akafanya Kazi



 Kabla sijakusimulia maisha ya mwanachuoni huyu, nataka nikuulize swali. Ni mara ngapi umesikia mtu akisema kuwa jambo fulani ndivyo lilivyoandikwa, na mazungumzo yakaishia hapo?

Hapa kwetu Makutano tunalisikia kila siku. Kijana wa bodaboda anabeba abiria wawili, hana helmeti, ukimnasihi anakujibu kuwa siku yake ikifika imefika. Mwingine anakesha na muguka mpaka daku, Adhuhuri inampita amelala, ukimuuliza anasema Mungu bado hajamuandikia hidaya. Na mwanafunzi hakufungua kitabu muhula mzima, matokeo yakija anasema ni qadar. Sasa tujiulize ukweli: je, sisi tuna hiari, au tunadhani tu kuwa tunachagua na kumbe tunasukumwa kama jani juu ya maji?

Swali hili si geni. Katika karne za mwanzo za Uislamu walitokea watu walioitwa Jabriyya, wakasema mwanadamu hana hiari yoyote. Wakatokea na Qadariyya, wao wakavuka upande wa pili wakasema mwanadamu anaumba vitendo vyake mwenyewe. Maulamaa wa Ahlu Sunna wakasimama katikati: kila kitu kimo katika elimu na matakwa ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na mja naye ana hiari yake na ataulizwa alichokichuma. Hayo tumesomeshwa madrasa, na tunajua kuwa kuamini qadar ni nguzo ya sita ya imani. Lakini kuyajua ni kitu kimoja, kuyaishi ni kingine. Ndiyo maana nimeona badala ya kukuchosha na hoja, nikueleze maisha ya mtu.

ALIYOPEWA BILA KUCHAGUA

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Hakuchagua ukoo wake. Mazrui walikuwa watawala wa Mombasa mpaka mwaka 1837, waliposhindwa na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Kwa hiyo yeye alizaliwa katika ukoo uliokwisha pokonywa mji, ukabaki na elimu.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi. Aliwahi kufungwa na Sayyid Barghash, na hakutoka ila baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Hebu fikiri, ndugu yangu. Miaka mitatu baada ya mfalme kufa, mtoto huyu akazaliwa. Lau mzee angelimalizia umri wake kifungoni, leo tusingekuwa na habari ya kusimulia. Hapo nani alipanga? Mtoto hakupanga, baba hakupanga, wala Barghash hakupanga.

Kisha mwaka 1894 baba yake akafariki. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Yatima. Mwaka uliofuata, 1895, Waingereza wakatangaza utawala wao juu ya nchi hii. Kwa hiyo kabla mtoto hajajua kusoma alif, alikwisha kosa baba, na mji wake umekwisha ingia mikononi mwa wageni. Haya yote hakuulizwa.

Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa baba yake. Baadaye akasoma pia kwa maulamaa wakubwa wa Zanzibar, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir. Kupata walimu kama hao ni rehema ya Mwenyezi Mungu. Lakini walimu ni mlango tu, na kuingia ni kazi ya miguu yako. Wangapi tumepewa walimu wazuri tukawa tunahesabu dakika za kutoka darasani?

ALIYOYACHAGUA

Sheikh Al-Amin hakutosheka na vitabu vya nyumbani. Alikuwa akisoma jarida la Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Na hapa pana jambo linalohusu swali letu. Mwaka 1884 Sheikh Abduh na mwalimu wake, Jamaluddin Al-Afghani, walikuwa Paris wakitoa gazeti lililoitwa Al-Urwatul Wuthqa. Humo waliandika makala juu ya qadhaa na qadar. Wazungu wengi walikuwa wakisema Waislamu wamerudi nyuma kwa sababu wanaamini qadar. Wao wakajibu kuwa sivyo: imani hiyo ndiyo iliyowapa Waislamu wa kwanza ushujaa, kwa sababu anayejua kuwa ajali yake iko mkononi mwa Mola wake haogopi kutenda. Kilichoharibu mambo ni watu kuigeuza qadar kuwa mto wa kulalia.

Hayo ndiyo mawazo yaliyokuwa yakipita katika Al-Manar, na Sheikh Al-Amin aliyapokea akayafanyia kazi. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo la Kiswahili, akaliita Sahifa. Mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah, jina ambalo maana yake ni kutengeneza. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kitabu ambacho mwaka 2017 kilichapishwa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Sasa tazama alichokuwa akikisema. Waislamu wa pwani siku zile walikuwa wameachwa nyuma. Serikali ya wageni, shule nyingi za wamisheni, biashara imeshikwa na wengine. Ingelikuwa rahisi sana kwa sheikh kupanda mimbari awaambie watu wasubiri, ndivyo Mungu alivyotaka. Watu wangempenda, maana hakuna anayekasirika akiambiwa hana makosa. Yeye hakufanya hivyo. Aliwaelekeza Waislamu wajitazame wenyewe. Aliwalaumu kwa kuwaiga Wazungu katika mavazi na starehe huku wakiacha elimu na bidii yao. Aliwahimiza wasome elimu ya dini na ya dunia, na washikamane. Kwa lugha nyingine, aliwarudishia mzigo wao mabegani. Hapo ndipo utakapoona imani yake juu ya hiari: humlaumu mtu asiyeweza kufanya vingine, na wala humhimizi.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi ya kadhi yenyewe ni ushahidi. Kila kesi inayoletwa mbele yake inamtaka aamini kuwa mwenye kudhulumu angeweza kutodhulumu. Mume aliyemtelekeza mkewe hawezi kumwambia kadhi kuwa aliandikiwa kutelekeza. Akisema hivyo, kadhi atamjibu kuwa na yeye ameandikiwa kumhukumu.

LAKINI JE, SI IMEANDIKWA?

Najua utaniuliza: kama Mwenyezi Mungu anajua tangu zamani nitakachofanya, mimi nimebakiwa na nini? Swali la haki. Mimi najibu kwa nilivyofundishwa. Kujua si kulazimisha. Na la pili, ambalo kwangu lina nguvu zaidi: wewe hujakisoma kilichoandikwa. Yule kijana wa bodaboda hajui kama ameandikiwa kuanguka au kufika salama. Basi vipi anakitumia kitabu ambacho hajakifungua kuwa hoja ya kutovaa helmeti? Mbona akiwa na njaa hangoji futari imfuate kitandani?

Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham mwaka wa 18 Hijria, akapata habari ya tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kuwa wanaikimbia qadar moja kuiendea qadar nyingine ya huyo huyo Mwenyezi Mungu. Kurudi nako ni qadar. Dawa ni qadar, dua ni qadar, kusoma usiku kabla ya mtihani ni qadar.

Zaidi ya hapo tusiende mbali. Mtume (S.A.W.) aliwakuta masahaba wakibishana juu ya qadar akakasirika. Alipoulizwa na masahaba kama wategemee yaliyoandikwa waache amali, aliwaamrisha wafanye amali, kwani kila mtu amerahisishiwa lile aliloumbiwa. Qadar ni faraja ya mwenye msiba. Haikuletwa iwe udhuru wa mwenye uvivu.

MIPANGO ILIYOKATIKA

Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, akiwa na miaka 56, bado yuko kazini. Alikuwa ameanza tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, hakuimaliza. Alikuwa na mwana wa miaka 14, Ali, aliyemkusudia kwenda kusoma Al-Azhar ya Cairo. Hilo nalo halikuwa.

Mwana huyo alimaliza shule na alama za chini, akawa karani katika chuo cha Waislamu Mombasa. Baadaye alitoa hotuba katika sherehe ya Maulidi. Gavana wa Kenya, Philip Mitchell, alikuwapo akamsikia, na mlango wa kwenda kusoma Uingereza ukafunguka kutokana na siku hiyo. Ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyejulikana dunia nzima, aliyefariki mwaka 2014 akazikwa Mombasa. Gavana kuwapo siku ile hakukupangwa na Ali. Lakini kujiandaa na kusimama kusema kulikuwa kwake. Angejikalia kimya kwa kuwa ameshaanguka mtihani, gavana angekula halua akaenda zake.

Na kazi ya mzee pia haikupotea. Mwanafunzi na mkwewe, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu, na akatoa gazeti lake, Sauti ya Haki. Mbegu aliipanda mmoja, mvua ikanyesha kwa wakati wake.

Vijana wenzangu, tunaelekea kumi la mwisho. Tutautafuta usiku wa Laylatul Qadr, usiku ambao jina lake na neno qadar vimetoka shina moja. Ajabu ni kuwa usiku huo tumeamrishwa tuutafute. Hatukuambiwa tulale utukute. Tutasimama, tutaomba, tutalia, kwa sababu tunaamini dua inabadilisha kitu. Basi asubuhi yake tusirudi tena kusema hatukuandikiwa. Mwenye muguka auweke chini usiku mmoja tu aone kama mkono wake ni wake au si wake. Mwenye kitabu akifungue. Mwenye pikipiki avae helmeti, aseme bismillahi, kisha amtegemee Mola wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin na walimu wake, atutakabalie saumu zetu, na atujaalie tuwe wenye kutenda kisha kuridhika. Amin.

Wabillahi tawfiq.