Sayyidna Umar na Mizani ya Soko

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), wa ukoo wa Bani Adiyy katika Makureshi, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa Khalifa wa pili mwaka 634. Alilizunguka soko la Madina yeye mwenyewe, bakora mkononi. Inasimuliwa kwamba maziwa yaliyotiwa maji aliyamwaga. Aliwaweka pia wasimamizi wa soko, akiwamo Saib bin Yazid. Kazi hiyo ilikuja kuitwa hisba.

Kwetu, sehemu ya kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002: kuhakiki kuwa pakiti iliyoandikwa kilo 1 ina kilo 1 kweli. Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa, ambaye korosho na ufuta wake hupimwa kabla ya kulipwa, naye anastahiki uzito kamili anaponunua unga dukani.

Mwaka 644, alipojeruhiwa katika Swala ya Alfajiri, Umar alimwagiza mwanawe Abdullah ayahesabu madeni yake na kuyalipa. Ndugu Waislamu, gramu 50 zilizopunguzwa katika mfuko nazo ni deni, ila mwenye kudai hajui kwamba anadai.