Rikidozan: Shujaa wa Wajapani aliyeficha kwao

KATIKA historia ya mieleka ya kulipwa barani Asia, ni majina machache yanayotajwa kwa heshima kama la Rikidozan. Ndiye aliyeutoa mchezo huo gizani nchini Japani na kuufanya burudani ya mamilioni ya watu. Hata hivyo, mtu huyu aliyewawezesha Wajapani kutembea tena kifua mbele baada ya kushindwa katika Vita vya Pili vya Dunia hakuwa Mjapani wa kuzaliwa, na wengi wa mashabiki wake hawakulijua hilo hadi alipoaga dunia.

Alizaliwa mwaka wa 1924 katika mkoa wa Hamgyong Kusini, ambao sasa umo nchini Korea Kaskazini, akaitwa Kim Sin-rak. Wakati huo rasi nzima ya Korea ilikuwa chini ya ukoloni wa Japani. Akiwa angali kijana, alivuka bahari na kujiunga na kambi ya Nishonoseki ili kujifunza sumo, mieleka ya jadi ya Wajapani. Mnamo 1940 alishiriki mashindano yake ya kwanza, akitumia jina la Rikidozan.

Wakorea walioishi Japani walidharauliwa na kubaguliwa. Kwa sababu hiyo, umma uliambiwa kwamba kijana huyo alikuwa mzaliwa wa Omura, mkoani Nagasaki, kutoka kwa familia ya Momota. Baadaye jina la Mitsuhiro Momota ndilo lililoandikwa katika sajili ya serikali.

Mwaka wa 1949 alifikia daraja la sekiwake, ambalo ni la tatu kutoka juu katika sumo. Lakini mwaka uliofuata alikikata kwa mkono wake mwenyewe kishungi cha nywele ambacho wanasumo hufuga, akauaga mchezo huo. Wapo wanaosema alichoshwa na ubaguzi. Wengine hutaja ugomvi wa fedha kati yake na wakuu wa kambi.

Baada ya kufanya kazi katika kampuni ya ujenzi, aliingia katika mieleka ya kulipwa mwaka wa 1951, kisha akasafiri hadi Hawaii na Marekani bara kunoa makali yake. Aliporejea mwaka wa 1953 alianzisha chama cha mieleka cha Japani. Mwaka huo huo ndipo matangazo ya runinga yalipoanza nchini humo, na bahati ya mchezo na ya chombo hicho kipya zikaandamana.

Februari 1954, Rikidozan na bingwa wa judo, Masahiko Kimura, walipambana jijini Tokyo na ndugu wawili kutoka Kanada, Ben na Mike Sharpe. Ni watu wachache waliomudu kununua runinga, hivyo maelfu walikusanyika barabarani na mbele ya vituo vya reli, palipowekwa runinga za umma. Majeshi ya Marekani yalikuwa yamemaliza kuikalia Japani kimamlaka miaka miwili tu iliyotangulia. Kwa watazamaji hao, Wazungu wale wenye miili mikubwa walikuwa sura ya washindi wa vita. Kila Rikidozan alipowachapa kwa ubapa wa kiganja, umati ulilipuka kwa shangwe. Katika mieleka ya kulipwa matokeo hupangwa kabla ya pambano, lakini furaha ya umati ule haikuwa ya kupangwa.

Mwishoni mwa mwaka huo alikabiliana na Kimura mwenyewe na kumpiga vibaya hadi akazirai. Kimura alidai baadaye kwamba walikuwa wameafikiana kutoka sare, na kwamba mwenzake aliyavunja makubaliano hayo. Pambano hilo lilimfanya Rikidozan mfalme wa mieleka ya Japani, ingawa lilimwachia pia sifa ya mtu asiyeaminika.

Mwaka wa 1957 alitoka sare na bingwa wa dunia, Lou Thesz wa Marekani, na mwaka uliofuata akamshinda jijini Los Angeles. Mei 1963 alikutana na The Destroyer, Mmarekani aliyepigana akiwa amevaa kinyago cheupe. Inakadiriwa kuwa asilimia 64 ya runinga za Japani zilionyesha pambano hilo. Mashabiki walitamani kuiona sura iliyofichwa na kinyago, bila kujua kwamba shujaa wao naye alikuwa na yake aliyoificha.

Januari mwaka huo huo alikuwa amezuru Korea Kusini, safari ambayo haikupewa uzito na vyombo vingi vya habari vya Japani. Kijiji alikozaliwa kilikuwa ng'ambo ya mpaka, Kaskazini, ambako pia alikuwa na binti.

Usiku wa Desemba 8, 1963, alizozana na mfuasi wa genge la yakuza katika klabu moja mtaani Akasaka, Tokyo, akachomwa kisu tumboni. Alifanyiwa upasuaji lakini hali yake ikazorota, na mnamo Desemba 15 akafariki akiwa na umri wa miaka 39.

Aliacha wanafunzi wawili walioirithi kazi yake, Giant Baba na Antonio Inoki, ambao wote walianza mieleka siku moja mwaka wa 1960. Inoki ndiye aliyepigana na mwanandondi Muhammad Ali mwaka wa 1976. Mnamo Aprili 1995 alipeleka mashindano ya mieleka Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, nchi alikozaliwa mwalimu wake.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Maisha ya Rikidozan yanatulazimu kuuliza ni nani hasa aliyestahili lawama: yeye aliyekana kwao, au jamii ambayo isingemshangilia kama angejitambulisha. Leo Wajapani humhesabu kuwa baba wa mieleka yao, nao Wakorea wa Kaskazini na Kusini humwita mwana wao. Kaburi lake limo katika hekalu la Ikegami Honmonji, Tokyo.