Shaaban Robert na Barua Alizompelekea Ndugu Yake

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu na kalamu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika watu walioitumikia lugha ya Kiswahili, ni wachache wanaotajwa kama marehemu Shaaban Robert. Watoto wa Afrika Mashariki wamesoma vitabu vyake shuleni, na wazee wameyahifadhi mashairi yake vifuani. Lakini wengi wamjua kama mshairi aliyekwisha kuwa mkubwa, wala hawamjui alipokuwa kijana, karani wa serikali mwenye mshahara mdogo, anayeandika katika saa chache alizobakishiwa na kazi. Habari za siku hizo zimo katika barua alizokuwa akimpelekea ndugu yake, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hata mwaka 1958.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wakati huo nchi ya Tanganyika ilikuwa chini ya Wadachi. Watu waliolisikia jina la Robert mara nyingine walimdhania kuwa Mkristo, lakini hilo lilikuwa jina la baba yake tu. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu, akaishi katika dini hiyo na kufa nayo.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia nchi iliingia mikononi mwa Waingereza. Mnamo mwaka 1922 kijana Shaaban alipelekwa Dar es Salaam kusoma katika shule ya Msimbazi, akakaa huko mpaka mwaka 1926. Katika mtihani wa mwisho alishika nafasi ya pili. Zama hizo shule nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa za wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakaacha dini. Hayo ndiyo yaliyowapata pia Waislamu wa Rwanda katika utawala wa Wabelgiji, watoto wengi wakabaki na chuo cha Kurani peke yake. Basi kijana Shaaban alipata bahati ambayo wengi hawakuipata.

Mwaka huo wa 1926 aliingia kazini katika Idara ya Forodha, akatumika humo mpaka mwaka 1944, akikaa katika miji ya pwani kama vile Pangani. Kazi ya karani ilikuwa kazi ya heshima mbele ya watu wake, lakini mbele ya wakubwa wake alikuwa mtu wa chini. Utawala ule uliwapanga watu kwa rangi zao: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa. Mtu aliweza kuwa na akili na uaminifu kuliko mkubwa wake, asipande daraja. Jambo hili lilimuumiza sana, na athari zake zaonekana katika maandishi yake yote.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili zilipoanza barua hizo ambazo leo twazijua. Ndugu aliyeandikiwa hakuwa mtu wa kusikiliza tu. Yusuf Ulenge naye alikuwa mtu wa kalamu, na kitabu chake cha Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine kilisomwa na wengi. Kwa hiyo barua zilikuwa mazungumzo ya ndugu wawili wanaoelewana. Shaaban alieleza habari za jamaa na za afya, uhamisho na taabu za kazi, upungufu wa fedha, na pamoja na hayo yote, habari za miswada yake: ipi imekwisha, ipi imepelekwa kwa wapiga chapa na ipi ingali inangoja jibu.

Mwanzo wa uandishi wake ulikuwa mdogo. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi wa nchi nzima, naye alipeleka mashairi yake humo kama wenzake. Hapakuwa na aliyemwajiri aandike. Mchana alikuwa mtu wa serikali. Uandishi ulikuwa wake mwenyewe, na gharama yake aliibeba mwenyewe.

Msiba mkubwa ulimfika alipofiwa na mkewe, Amina. Alimlilia kwa shairi linalojulikana mpaka leo kwa jina la marehemu huyo. Akiwa baba wa watoto, aliona yampasa kuwaachia kitu kisichooza. Kwa binti yake Mwanjaa alitunga Utenzi wa Hati, na kwa mwanawe Suleiman alitunga Utenzi wa Adili, akiwausia juu ya ibada, tabia njema na kukaa na watu vizuri. Mashairi haya yametufikia sote, lakini kwanza yalikuwa wasia wa mzazi mmoja kwa watoto wake.

Ulipofika mwaka 1939 vita vya pili vya dunia vilianza, na vijana wengi wa Afrika Mashariki wakachukuliwa askari. Walipigana Uhabeshi na kufika hata Burma. Shaaban Robert hakushika bunduki; alishika kalamu, akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, unaoeleza vita vile tangu mwaka 1939 hata mwaka 1945. Kazi kubwa namna hiyo haikupata kuchapwa kuwa kitabu mpaka mwaka 1967, naye amekwisha kuwa kaburini.

Mwaka 1944 aliondoka forodhani akahamishiwa bara, kisha mwaka 1946 akarudi Tanga, akatumika katika ofisi ya wilaya na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Ndipo vitabu vilipoanza kutoka. Mwaka 1951 kilichapwa Kusadikika, kisa cha nchi ambayo wajumbe wake husafiri mbali kutafuta mambo ya kuifaa, na wakirudi hutupwa gerezani. Karama, kijana aliyetaka kuwafundisha watu sheria, ashitakiwa mbele ya mfalme, naye ajitetea kwa hoja mpaka haki yadhihiri. Watawala walikiachia kitabu hicho kipite, lakini wasomaji walijua ni nchi gani inayosemwa. Mwaka 1952 kilifuata Adili na Nduguze, na mwaka 1958 wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja.

Heshima ilimfikia. Alipewa nishani ya Margaret Wrong kwa uandishi wake na nishani ya MBE ya Waingereza, akawa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini heshima haikuwa mali. Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, kilichapwa mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alijaribu kutoa vitabu vyake mwenyewe huko Tanga, ili jasho lake limrudie yeye na watoto wake. Alistaafu mwaka 1960, akaiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwezi wa Juni 1962 akafariki, umri wake miaka 53. Alizikwa Machui, karibu na alipozaliwa.

Barua zake zilibaki. Zile karatasi za tangu 1931, ambazo nyumba nyingine zingewashiwa moto wa jikoni, zilitunzwa. Mwaka 2002 Profesa Mugyabuso Mulokozi alizihariri, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazitoa kuwa kitabu. Lau zisingetunzwa, leo tungekuwa na vitabu vya Shaaban Robert, lakini tusingejua vilivyomgharimu.

Waislamu wa Kigali wana haki ya kukikumbuka kisa hiki. Dini iliingia Rwanda pamoja na watu wa Kiswahili, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Kwa miaka mingi Mwislamu wa Biryogo aliitwa Mswahili, na neno hilo halikuwa sifa. Lugha yake ilihesabiwa kuwa ya wageni na wachuuzi. Shaaban Robert katika miaka hiyo hiyo aliionyesha dunia kwamba Kiswahili chabeba hekima, sheria, huzuni na ibada. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, na waliokidharau wakaanza kukisoma.

Lakini katika nyumba za wazee wetu mlikuwa na barua pia: za wafanya biashara walioandikiana na jamaa zao Ujiji, Tabora na Bujumbura, na za walimu waliokwenda kutafuta elimu. Nyingi zimepotea, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 zilipotea karatasi pamoja na wenyewe. Kilichosalia ni amana. Aliye na barua ya babu yake sandukuni asiitupe kwa kuwa karatasi imechakaa au mwandiko ni wa herufi za Kiarabu asizoweza kuzisoma. Na ampe kijana wake kalamu, kisha kijana huyo akiandika kutoka mbali, ajibiwe. Shaaban Robert alipata wa kumwandikia tangu akiwa karani asiyejulikana, na ndugu huyo alizipokea barua zake miaka ishirini na saba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Shaaban Robert, awarehemu wote waliotangulia katika mji huu, na azifanye kalamu za watoto wetu kuwa za kheri. Amin.