Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefungua njia ya jeni za saratani

MTOTO anayelelewa Kaptembwo, Nakuru, huishi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo ni nadra kupatwa na uvimbe wa taya unaowasumbua watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria. Aliyeutambua mpaka huo wa mwinuko ni marehemu Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa 1911 mjini Enniskillen, Ireland.

Alipoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11. Hata hivyo alisomea udaktari Dublin, akahudumu jeshini, Kenya ikiwa miongoni mwa vituo vyake, na 1946 akaajiriwa Uganda.

Mnamo 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si muda akamwona mwingine, Jinja, mwenye dalili zizo hizo. Alianza kuziandikia barua hospitali za Afrika, na 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakafunga safari ya gari ya wiki 10, yapata kilomita 16,000. Ilibainika kwamba karibu na ikweta maradhi hayo hutoweka juu ya mita 1,500 hivi, penye baridi na mbu wachache. Mhadhara wake jijini London ulimchochea Anthony Epstein kusaka virusi, akavipata 1964.

Kilichoharibika ndani ya seli kilijulikana 1982, kupitia watafiti wengine. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC, ambayo huamuru seli zikue na kugawanyika, hukatika na mara nyingi kujibandika kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni zisizolala za kutengeneza kingamwili. Amri ya kukua haizimiki tena.

MYC huhusika pia katika baadhi ya saratani za matiti, ila huko kwa kawaida haihami. Nakala zake huongezeka kupita kiasi. Ndivyo ilivyo hata kwa jeni nyingine ya ukuaji, HER2, ambayo dawa ya kuikabili, trastuzumab, iliidhinishwa Marekani 1998. Hapa mwinuko haumkingi mama wa Kaptembwo. Saratani ya matiti haingoji mbu.

Burkitt mwenyewe hakuwa mtu wa jeni. Aliondoka Uganda 1966, akajitolea kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi, na akafariki 1993 nchini Uingereza akiwa na umri wa miaka 82.