Herbert Humphrey, mhandisi aliyeyageuza maji kuwa pistoni

Machi 15, 1913, Mfalme George wa Tano alifika Chingford, kaskazini mwa London, kuzindua bwawa jipya la maji ya jiji. Bwawa likapewa jina lake. Sisi tunamtazama aliyebuni pampu za kulijaza, Herbert Alfred Humphrey.

Alizaliwa London mwaka 1868. Akiwa katika kiwanda cha kemikali cha Brunner Mond, Northwich, alifanya kazi na injini kubwa za gesi. Kwenye injini za namna hiyo, nguvu ya moto hupitia pistoni ya chuma, krenki na gurudumu zito kabla ya kuifikia pampu. Humphrey aliona safari hiyo ni ndefu mno. Kwa nini moto usiyasukume maji yenyewe? Mwaka 1906 alipata hataza, na mwaka 1909 akawaonyesha wahandisi wenzake matokeo.

Tufikirie bomba refu lililopinda kama herufi U, limejaa maji. Upande mmoja umezibwa juu, na humo gesi iliyochanganywa na hewa hulipuliwa kwa cheche. Maji husukumwa kwenda upande wa pili. Ufundi wote uko hapa: maji hayo ni mazito, yakishashika mwendo hayasimami ghafla. Yanapozidi kwenda, shinikizo ndani ya chumba hushuka chini ya lile la hewa ya nje, vali hufunguka, maji mapya huingia. Sehemu humwagika bwawani. Yaliyobaki hurudi yakitoa moshi, hugota kwenye hewa iliyonaswa juu, husukumwa tena kama bembea huku yakivuta gesi mpya, kisha hurudi kuigandamiza. Cheche nyingine! Kasi ya bembea hiyo hutegemea zaidi urefu wa bomba.

Chingford zilifungwa pampu tano. Nne kati yake ziliweza, kila moja, kuinua takriban lita milioni 180 kwa siku.

Lakini mashine hii ilifaa maji mengi yanayoinuliwa kimo kidogo tu, na ilihitaji shimo refu na bomba kubwa. Pampu za umeme, zinazoenea mahali padogo, zikaishinda. Kwetu sisi, wazo lilikuwa zuri. Nafasi ndiyo iliyokuwa ghali.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Humphrey aligeukia utengenezaji wa amonia huko Billingham. Alifariki mwaka 1951. Wakati huo pampu mbili za aina yake zilikuwa bado zikiinua maji ya mto Murray kumwagilia mashamba ya Cobdogla, Australia Kusini, na ziliendelea hadi 1965.