Edwin Link: Fundi wa vinanda aliyewafunza marubani kuamini mishale

KIJANA anayeirusha Boeing 727 ya kuigiza kwenye kompyuta yake sebuleni hukutana kwanza na ukuta wa saa zenye mishale, asijue atazame ipi. Wajuzi humshauri aanzie katikati, penye upeo bandia unaoonyesha iwapo ndege imelala ubavu au imeinua pua. Kisha atupe jicho kushoto kwenye kasi, kulia kwenye mwinuko na chini kwenye dira, na kila mara arejee katikati. Wengi huuona huo kuwa mchezo tu. Yamkini hawajui kwamba zoezi hilo la kuruka bila kuondoka ardhini lilienea kwa sababu ya vifo, na kwamba aliyelieneza alikuwa fundi wa vinanda.

Edwin Albert Link alizaliwa mwaka wa 1904 katika jimbo la Indiana, Marekani, na kulelewa mjini Binghamton, New York, ambako babake alimiliki kiwanda cha vinanda. Mnamo 1920 alilipa dola 50, fedha nyingi mno enzi hizo, kwa somo lake la kwanza la urubani. Mwalimu alimzungusha angani akapindua ndege juu chini, lakini hakumruhusu hata kugusa usukani. Kijana aliteremka akiwa hajajifunza lolote.

Hasira ya dola hizo 50 haikumtoka. Kuanzia mwaka wa 1927, katika orofa ya chini ya kiwanda cha babake, alichukua pampu na mivukuto ya vinanda, ile inayosukuma hewa hadi sauti ikatoka, akaifunga chini ya kijindege kifupi cha mbao. Mwanafunzi alipovuta usukani, hewa iliingia au kutoka katika mivukuto, na kijindege kikainama, kikainuka au kugeuka. Aliomba hataza mnamo 1929 na kuipata mwaka wa 1931. Hata hivyo, wakuu wa urubani hawakumjali, na wateja wake wengi wakawa wenye bustani za burudani, ambako watu walikipanda kwa kujifurahisha. Mwaka huo huo wa 1931 alimwoa Marion Clayton, aliyesimama naye katika biashara hiyo.

Mambo yaligeuka Februari 1934. Rais Franklin Roosevelt alizipokonya kampuni za ndege kazi ya kusafirisha barua na kulikabidhi jeshi. Marubani wa jeshi walikuwa wamezoea kuruka wakiiona ardhi. Sasa walitumwa usiku, katika theluji na ukungu. Zaidi ya kumi walifariki katika muda mfupi.

Ikumbukwe kwamba ndani ya wingu mwili wa binadamu ni shahidi wa uongo. Majimaji yaliyo ndani ya sikio hutulia ndege inapozunguka kwa mfululizo, na rubani huhisi kwamba amenyooka ilhali anaporomoka. Akiinyoosha ndege kwa kufuata mshale, mwili humlilia kwamba sasa ndipo amelala. Anayeusikiliza mwili hufa.

Maafisa wa jeshi walipokubali kumwona Link mjini Newark, ukungu ulikuwa mzito hata wakaamini hangefika. Alitokea katikati ya ukungu huo na kutua, akiongozwa na saa zake. Jeshi lilinunua mitambo sita, kila mmoja dola 3,500. Mwanafunzi alifungiwa ndani gizani, akabaki na mishale pekee, huku mwalimu akitazama mezani kifaa kidogo cha magurudumu kikichora njia ya safari yake kwenye ramani. Aliyekosea alianguka kwenye karatasi tu. Kufikia mwisho wa Vita Vikuu vya Pili, zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wamepitia mitambo hiyo.

Link aliiuza kampuni mwaka wa 1954 na kuhamia baharini, akibuni vyombo vya kuwawezesha watu kukaa na kufanya kazi vilindini. Huko ndiko msiba ulikomsubiri. Juni 1973, karibu na Key West, Florida, nyambizi ndogo aliyoibuni ilinaswa kwenye mabaki ya meli iliyozamishwa, katika kina cha zaidi ya mita 100. Ilichukua zaidi ya saa 24 kuinasua. Wawili kati ya wanne waliokuwamo walikufa kwa baridi na hewa chafu. Mmoja wao alikuwa mwanawe, Edwin Clayton Link.

Mzee huyo hakuiacha bahari. Alirudi kwenye meza ya kazi na kubuni chombo kisicho na mtu ndani, kinachoongozwa kwa waya kutoka juu, chenye kamera na zana za kukatia vizuizi, ili nyambizi nyingine ikinaswa ifikiwe mapema. Alifariki Binghamton mnamo Septemba 1981, akiwa na umri wa miaka 77.